Bi Masjala na Majalada ya Ndege Zilizoanguka

Shangazi yangu alizikumbuka ajali za ndege kama wanawake wengine wanavyokumbuka harusi: nani alikuwepo, hali ya hewa ilikuwaje, na nani alilaumiwa baadaye. Alikuwa karani wa masjala katika kambi kuu ya jeshi la anga, mtumishi raia asiye na cheo wala kofia. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutunza majalada ya ajali. Ndege yoyote ya jeshi iliyowahi kuanguka, kuungua au kupitiliza njia ya kurukia ilikuwa na jalada lake mle ndani. Hata zile zilizogongana na ndege wa manyoya zikarudi na kioo kimepasuka zilikuwemo, na shangazi alipenda kusema kwamba katika ajali hizo yeye alimsikitikia yule asiye na injini.

Kambi nzima ilimwita Bi Masjala. Chumba chake kilikuwa zamani stoo ya matairi, na siku za joto bado kilinuka mpira. Kulikuwa na makabati manne ya chuma ya rangi ya kijani, na droo ya tatu haikufunguka mpaka uipige kwa goti. Dirisha moja lilitazama njia ya kurukia.

Majalada yalikuwa arobaini na saba. Ukimkuta ametulia angekusimulia historia yote bila kufungua hata moja. Miaka ya mwanzo ndege ziliangushwa na ugeni, marubani wapya juu ya ndege kuukuu. Kisha ikaja miaka ya vipuri adimu, fundi anafunga anachopata. Kisha mwaka mmoja mbaya ambao ndege tatu zilichukua watu wanane. Katika yale arobaini na saba, thelathini na moja yalifungwa kwa maneno matatu: kosa la rubani.

"Marehemu hana wakili," alikuwa akisema. "Ukimlaumu aliye hai atakujibu. Ukimlaumu aliyekufa, kesi imekwisha mapema, watu wanakwenda kula."

Mkuu wake wa kwanza alikuwa Meja mmoja mpole aliyependa kusinzia baada ya chakula cha mchana. Kwa kweli kitengo cha usalama wa ndege kiliendeshwa na shangazi, Meja akiweka sahihi. Yule Meja alipostaafu, kila mtu alimwambia shangazi neno lile lile: nani mwingine anayeijua kazi hii? Kulikuwa na nafasi ya mchambuzi wa ajali ambayo raia aliruhusiwa kuishika. Shangazi alishona suti mpya ya kijivu akakaa tayari kuitwa.

Akaletwa Kapteni, akashika kiti cha Meja na ile nafasi pamoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, rubani wa zamani, ametoka masomoni ng'ambo na shahada ya uchunguzi wa ajali. Aliingia masjala siku ya kwanza, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama. Wameniambia bila wewe sitafika popote."

"Marahaba," shangazi alijibu. Moyoni aliongeza: basi usifike.

Laiti angekuwa mjinga au mwenye maringo, shangazi angempuuza. Shida ni kwamba Kapteni aliiweza kazi. Alisoma jalada mara moja akakumbuka namba yake. Aliipiga ile droo ya tatu kwa goti siku ya pili tu, na ikafunguka, shangazi akahisi kama mbwa wake mwenyewe amemtikisia mgeni mkia. Mafundi wa karakana, watu ambao kwa miaka yote walijibu kila swali kwa "sijui, afande," walianza kwenda ofisini kwa Kapteni kwa hiari yao. Aliweka sanduku la mbao mlangoni mwa banda la ndege, limeandikwa: Sema kosa lako kabla halijaua mtu. Hutaadhibiwa.

"Litajaa buibui," shangazi alimwambia mfagizi.

Baada ya wiki mbili lilijaa karatasi. Mmoja amesahau spana ndani ya bawa. Mwingine ametia sahihi ukaguzi ambao hakuufanya. Shangazi ndiye aliyezipanga, na kila karatasi ilimkera. Si kwamba hakuyataka mambo hayo yajulikane. Yeye alikuwa pale miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumletea lolote.

Nyumbani hakuacha. Leo Kapteni kasema hivi, leo Kapteni kasifiwa na Kamanda, leo Kapteni kavaa miwani ya jua kama mcheza sinema. Mume wake, mwalimu wa shule ya udereva, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, siku moja aliweka kijiko chini.

"Mke wangu, huyu Kapteni tulimwoa lini? Maana kila siku tunakula naye."

"Wewe hujui kazini kukoje."

"Najua wivu ukoje. Unafunga breki huku umekanyaga mafuta. Gari haliendi, na linaungua."

Shangazi alibeba sahani zake akaenda jikoni.

Sasa, kulikuwa na daftari. Halikuwa la serikali, lilikuwa lake, lenye jalada gumu jeusi. Humo aliandika vitu vidogo ambavyo havikupewa jalada: maneno ya pembeni katika ripoti za walimu wa urubani, malalamiko yaliyoandikwa kwa penseli kisha yakasahaulika. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kimoja kilichojirudia. Katika ndege ndogo za mafunzo, kiti cha rubani husogezwa mbele na nyuma juu ya reli, kisha hufungwa kwa pini inayoingia tunduni. Mara tisa, katika miaka kumi na miwili, mwanafunzi alikuwa amesema kwamba wakati wa kuruka kiti kiliteleza nyuma. Mara tisa mwalimu aliandika: mwanafunzi hakufunga kiti vizuri. Walimu tofauti, ndege tofauti, miaka tofauti. Aliyeyaona yote tisa katika ukurasa mmoja alikuwa shangazi peke yake.

Tena alikuwa na jambo jingine kifuani. Miaka kumi na tano nyuma, ndege ya aina hiyo hiyo ilianguka punde tu baada ya kuacha ardhi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Kosa la rubani, bodi ya uchunguzi iliandika. Miaka mitatu baadaye, matukio ya kiti yalipofika mawili, shangazi alimpelekea Meja picha za mabaki akamwonyesha: kiti cha mwalimu kilikuwa kimerudi hadi mwisho wa reli. Meja alimjibu kwa upole, "Bi Masjala, wewe tunza karatasi. Kufikiri tuachie sisi." Tangu siku hiyo alifikiria ndani ya daftari tu.

Kamanda alipoagiza iandikwe historia ya ajali zote tangu jeshi lianzishwe, ili isomwe kwa marubani wote, kazi alipewa Kapteni. Kapteni akaja masjala moja kwa moja.

"Mama, mafundi wananiambia una daftari lako."

"Daftari?" shangazi alisema. "La mahudhurio tu."

Kapteni alimtazama kidogo. "Kama lipo la zaidi, ningefurahi kuliona."

"Halipo."

Jioni ile alilifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akalipeleka nyumbani, akalisukuma chini ya cherehani. Aliponisimulia miaka baadaye hakujipamba. "Nilijiambia, majalada ni ya serikali, ayasome yote mpaka macho yamuume. Lakini nilichokiokota mimi, hapana. Aokote chake."

Zilipita wiki saba.

Asubuhi moja, saa tatu na nusu, shangazi alikuwa dirishani akinoa penseli. Ndege ya mafunzo ilikimbia kwenye njia ya kurukia, ikainuka vizuri, kisha pua ikapanda. Ikapanda zaidi. Ikapanda kuliko ndege yoyote inavyotakiwa kupanda ikiwa karibu na ardhi vile. Ilining'inia pale kama imesahau inakokwenda, kisha ikalalia bawa moja na kushuka majanini ng'ambo ya uzio.

"Kiti," shangazi alisema kwa sauti, peke yake chumbani. Rubani akirushwa nyuma ghafla ameshika usukani, anauvuta aende nao. Alikuwa ameliona jambo hilo kichwani mara nyingi. Kwa macho, ilikuwa mara ya kwanza.

Haikuwaka moto. Mwalimu alitolewa amevunjika taya, mwanafunzi amevunjika miguu yote miwili. Akiwa kwenye machela mwanafunzi alirudia neno moja, kwamba kiti kilimrudisha nyuma. Mwalimu mwingine aliyesimama pale akasema kijana hakukifunga, hawa wa siku hizi wana haraka. Saa sita Kamanda alitoa amri: mazoezi yaendelee kesho asubuhi kwa ndege sita zilizobaki.

Shangazi alisikia amri ile, akatoka bila kuomba ruhusa. Alifika nyumbani akihema, akapiga magoti mbele ya cherehani. Mume wake alikuwa amekuja kula mchana, na gari la shule lilikuwa nje, mwanafunzi wake, mama mmoja muuza vitambaa, akimsubiri kwenye usukani.

"Nirudishe kambini," shangazi alisema. "Sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Nimefanya jambo baya. Nirudishe."

Hakuuliza tena. Ila mama wa vitambaa alikataa katakata kuuachia usukani, kwani saa ya somo ilikuwa yake. Akawaendesha hadi kambini kama amebeba trei ya mayai, akisimama kwenye kila njia panda, akiangalia kulia, kushoto, na kulia tena. Shangazi nyuma, daftari kifuani, hakuweza hata kulia.

Kapteni alilisoma amesimama. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akifuata tarehe kwa kidole.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

Njia nzima shangazi alikuwa ametunga majibu. Nilisahau. Lilipotea. Sikudhani lina maana. Aliyaacha yote.

"Wivu, afande," alisema. "Sina jina lingine la kuliita."

 Kapteni alinyanyua simu akaomba aunganishwe na Kamanda, na kabla ya saa tisa zile ndege sita zilikuwa zimefungwa. Fundi mkuu alikagua viti kimoja kimoja. Kati ya ndege sita, katika nne matundu ya reli yalikuwa yamelika yakapanuka, pini ikishikilia kwa ncha tu. Kimoja alikisukuma kwa mkono na kikateleza chenyewe hadi nyuma. Fundi mkuu, mtu asiyejua kunong'ona, alinong'ona, "Kesho tungezika."

Bodi mpya iliundwa, na Kapteni akairudisha mezani ile ajali ya miaka kumi na tano. Picha zilikuwepo, vipimo vya reli vilikuwepo, na daftari liliunganisha yote. Yale maneno matatu yakafutwa. Ripoti ilipokaribia kukamilika, Kapteni alikuja masjala akafunga mlango.

"Nimeandika kwamba uhusiano wa matukio haya uligunduliwa na karani wa masjala, miaka mingi kabla yangu. Nimeandika pia kwamba taarifa hiyo ilifichwa kwa wiki saba, na ndani ya wiki hizo watu wawili wameumia. Siwezi kuweka jina lako kwenye sifa nikalificha kwenye lawama. Ama liwe pande zote mbili, ama lisiwe popote. Chagua, mama."

"Sanduku lako linasema hakuna adhabu."

"Sanduku ni la waliokosea. Wewe hukukosea, uliamua. Sitakudanganya, lazima barua ya onyo itakuja."

Shangazi alitazama makabati yake. "Lisiwe popote," alisema.

Aliona ameponea hapo. Wiki iliyofuata akaja mjane.

Alikuwa mke wa yule mwalimu aliyekufa miaka kumi na tano nyuma. Shangazi alimfahamu vizuri. Kila mwaka mjane alikuja kambini kuuliza kama kuna jipya, na kila mwaka shangazi alimpa kiti na kumwambia hakuna. Watoto wake walikulia katika mtaa ambao watu walijua baba yao ameangusha ndege kwa uzembe. Sasa alikuwa ameitwa kupokea barua yenye mhuri, inayosema mume wake hakuwa na kosa. Shangazi alisimama kando ya ukuta na lile jalada mikononi, kwa sababu utaratibu ulitaka jalada liwepo.

Mjane alisoma barua. Kisha akamkumbatia Kapteni, akalia begani mwake. "Umenirudishia mume wangu, mwanangu. Mungu akuweke. Hakuna mwingine aliyewahi kunitazama."

Kapteni, juu ya bega la yule mama, alimtazama shangazi. Hakufungua mdomo. Hakuwa na ruhusa ya kuufungua.

Shangazi aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea Kapteni dakika ile. Cheo, masomo ya ng'ambo, miwani ya jua, vyote vilikuwa mchezo wa kitoto. Sasa alitaka kile kilio kiwe begani mwake. Alikuwa amekitafuta kwa daftari zima, na amekiuza mwenyewe kwa bei ya kuokoa uso. Alirudi masjala, akaketi dakika kumi. Halafu akaenda ofisini kwa Kapteni bila kubisha hodi.

"Andika jina langu."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili."

"Una uhakika, mama?"

"Sina. Andika kabla sijabadili."

Likaandikwa. Barua ya onyo ilikuja baada ya siku nne, na shangazi akaondolewa masjala miezi sita, akapelekwa stoo ya sare kugawa viatu. Kuna waliomcheka. Kuna mafundi waliomgeuzia uso, kwani miguu ya yule kijana haikupona sawa, na hakuruka tena. Shangazi alikwenda kumwona hospitali. Mara ya kwanza kijana alimuuliza, "Kwa hiyo ulijua?" akajibu, "Nilijua." Kijana akageukia ukutani. Mara ya pili hakugeuka. Ya tatu walizungumza habari za mpira. Zaidi ya hapo hawakufika, na shangazi hakudai zaidi.

Ripoti ilipotoka, mjane alimfuata kwenye stoo ya sare. Alisimama mbele ya kaunta, kati ya mabunda ya viatu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Miaka yote ile nakuja, unanipa kiti."

"Nilimwonyesha mkuu wangu picha. Akaniambia nitunze karatasi. Nikanyamaza, dada. Ningeweza kupiga kelele, sikupiga."

 Askari mmoja aliyekuja kubadilisha viatu aliona hali akarudi alikotoka.

"Nionyeshe ulipoandika," mjane alisema.

Daftari lilikuwa limeshakuwa mali ya bodi, lakini shangazi alikuwa na nakala ya ule ukurasa. Mjane aliusoma polepole, mstari kwa mstari, pamoja na ule ambao shangazi aliandika miaka kumi na miwili nyuma: kiti cha marehemu nacho kilikuwa nyuma, si kosa lake. Hakushukuru wala hakulaumu. Aliomba nakala yake, shangazi akampa ile ile, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaenda zake.

Miezi sita ilipokwisha, shangazi alirudishwa masjala, na baada ya mwaka akapewa ile nafasi ya mchambuzi. Aliyemwombea alikuwa Kapteni. Usifikiri walikuwa marafiki. Walifanya kazi kama ng'ombe wawili wa jembe moja, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Kila kundi jipya la marubani lilipofika, Kapteni aliwafundisha vitabu, kisha shangazi aliwasimulia majalada arobaini na nane, la mwisho akisema wazi sehemu yake ndani yake. Marubani walisinzia kwa Kapteni na kukaa macho kwa shangazi. Jambo hilo alinisimulia mara nyingi sana, bila kuulizwa.

Kapteni alipopanda cheo kuwa Meja akahamishiwa kambi nyingine, walimfanyia sherehe ndogo kwenye banda la ndege. Shangazi alivaa ile suti ya kijivu. Alirudi nyumbani amenuna, mume wake akamuuliza kulikoni, si adui ameondoka?

"Mkuu mpya nimemwona," shangazi alisema. "Mpole, mnene, anasinzia. Hata pa kumwonea wivu hapana."

Kesho yake aliwahi kazini kuliko siku zote. Kulikuwa na taarifa ya tairi lililopasuka wakati wa kutua, ndogo tu, hakuna aliyeumia, na mkuu mpya alikuwa tayari ameandika kwamba rubani alikanyaga breki vibaya. Shangazi aliichukua karatasi ile, akavaa miwani yake, akashuka karakana kulitazama tairi.